Nani Anabaki Kamera Ikishaondoka

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafilamu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma hadi mlangoni: wanaostahili shikamoo nawaamkia, wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie filamu zinazotengenezwa kwa siri katika nchi zinazotawaliwa kwa mabavu, hasa zile zinazoonyesha maisha ya kawaida ya watu. Najua wengi mmekuja kusikia mbinu. Kamera inafichwa wapi? Kadi inavushwaje mpakani? Ukisimamishwa na askari kanzu unajieleza vipi? Hayo nitayagusa. Lakini swali lililonileta hapa ni jingine, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo linavyozidi kunikaa moyoni. Filamu ikishatoka, ikipigiwa makofi katika ukumbi wa ng'ambo, aliyeitengeneza amekaa salama kwenye kiti chake. Yule aliyemfungulia mlango, akamkaribisha, akamsimulia maisha yake mbele ya lenzi, bado yuko palepale, na jirani yake ni yuleyule anayepeleka habari zake kituoni. Mimi naamini filamu ya siri ipimwe kwanza kwa yaliyompata mtu huyo, ndipo tuje kwenye uzuri wa picha na tuzo ilizopata.

Kwa nini basi tuzipige picha hizi, ikiwa zina gharama hiyo? Watu wakisikia udikteta hufikiria vifaru na mabomu ya machozi. Picha za vifaru zinahitajika, sizibezi. Ila vifaru hutoka siku chache. Siku zilizobaki, utawala wa mabavu ni foleni, ni gwaride la watoto, ni mwalimu anayesoma karatasi aliyoletewa, ni baba anayeshusha sauti akilitaja jina fulani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Anayetawala kwa hofu hana haja ya kumpiga kila mtu. Inamtosha kila mtu azoee kujichunga. Mazoea hayo hayana kelele, na mwandishi wa habari anayefika kwa siku mbili hawezi kuyaona. Yanahitaji mtu mwenye subira, anayekaa, anayerudi, anayesikiliza mpaka kimya cha watu kianze kuzungumza.

Tazameni Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, kabla Ujerumani mbili hazijaungana. Mwaka 1988 kikundi cha wanamazingira kilirekodi kwa siri hali ya Bitterfeld, mji wa viwanda vya kemikali: moshi, mashimo ya taka yaliyoachwa wazi, maji yaliyoharibika. Hakuna aliyepigwa risasi katika filamu ile. Lakini tangu 1982 takwimu za uchafuzi wa mazingira zilikuwa siri ya serikali, kwa hiyo hata kupiga picha dimbwi la taka lilikuwa jambo la kufanya huku ukitazama nyuma. Picha zilivushwa, zikaonyeshwa kwenye televisheni ya Ujerumani Magharibi, na kwa kuwa mawimbi ya televisheni hayazuiwi na ukuta, watu wa Mashariki waliziona wakiwa sebuleni kwao. Mkazi wa Bitterfeld aliijua harufu ya mji wake tangu utotoni. Jipya kwake lilikuwa kusikia ikitajwa hadharani.

Mwaka uliofuata, tarehe 9 Oktoba 1989, vijana wawili, Siegbert Schefke na Aram Radomski, walipanda mnara wa kanisa mjini Leipzig, wakajilaza kwenye vinyesi vya njiwa, wakarekodi maandamano ya watu wapatao 70,000 wanaoipinga serikali yakipita chini yao. Kanda ilipitishwa mkononi mwa mwandishi wa jarida la Magharibi, na usiku wa siku iliyofuata ikarushwa. Sasa sikilizeni jambo ambalo wanaosimulia kisa hiki mara nyingi hulipita haraka. Mtangazaji aliyezitambulisha picha zile aliwaambia watazamaji kwamba zimepigwa na kikundi cha Waitalia. Haikuwa kweli, na ilisemwa makusudi. Yeyote anayeijua Leipzig angeweza kukisia, kwa kuitazama pembe ya picha tu, kwamba kamera ilikuwa juu ya mnara upi, na akitoka hapo angefika kwa mchungaji Hans-Jürgen Sievers, aliyewaruhusu vijana wale kupanda. Mtu mmoja katika chumba cha habari alifikiria ya mchungaji na ya wale vijana kabla ya kubonyeza kitufe. Wengine mtasema mtangazaji hapaswi kusema uongo hata kidogo. Mimi katika hilo nasimama upande wa Waitalia wale ambao hawakuwapo.

Sasa niingie Korea Kaskazini, maana huko ndiko kwenye somo gumu zaidi, na nitakaa nalo kidogo.

Vitaly Mansky, mwanafilamu wa Urusi, alikubaliwa na serikali ya Pyongyang kutengeneza filamu kuhusu familia moja ya kawaida. Filamu hiyo, Under the Sun, ilitoka 2015. Masharti yalikuwa kwamba serikali itatoa hati ya filamu, yaani maandishi ya yatakayosemwa na kutendwa, itachagua wahusika, na wasindikizaji wake hawatabanduka. Familia ikachaguliwa: baba, mama na binti wa miaka minane anayekaribia kuingizwa kwenye Umoja wa Watoto, chama cha watoto cha utawala ule. Baba, ambaye kwa kweli alikuwa mwandishi wa habari, hati ilimgeuza mhandisi wa kiwanda cha nguo. Mama aliyekuwa akifanya kazi kantini akawa mfanyakazi wa kiwanda cha maziwa ya soya. Wakawekwa mezani, wakaambiwa waseme nini kuhusu chakula wanachokula, wakaambiwa warudie, na safari hii waseme kwa furaha zaidi.

Alichofanya Mansky ni kutoizima kamera. Msindikizaji anapoingia kupanga viti, kamera inazunguka. Anapowaelekeza wacheke, inazunguka. Anaposema sasa anza, inazunguka bado. Picha za kila siku zilikaguliwa na wenyeji, na kikundi kikawa kinatunza nakala nyingine pembeni ya kile kilichokabidhiwa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hapa tunawaona waundaji wenyewe wakiwa kazini, wakipiga misumari.

Kuna sehemu watoto wamekaa darasani, afande mzee mwenye nishani kifua kizima anawasimulia habari za vita. Binti yule anasinzia. Macho yanafumba, anayafumbua kwa nguvu, yanafumba tena, kichwa kinalemea, anastuka na kukaa wima. Hakuna msindikizaji aliyeona haja ya kulizuia hilo, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba lenzi iko juu yake. Kila mtu aliyewahi kuwa mtoto ndani ya darasa lenye joto anamwelewa binti yule mara moja, na anaelewa pia kwamba anaogopa kusinzia kuliko mtoto anavyopaswa kuogopa. Halafu karibu na mwisho binti analia. Anaambiwa afikirie kitu kizuri. Hakipati. Anaambiwa basi akariri shairi. Akafungua mdomo, kikatoka kiapo cha Umoja wa Watoto.

Ukiniambia nieleze utawala wa mabavu ni nini, nitakuonyesha dakika zile na sitaongeza neno.

Hata hivyo filamu ile inanisumbua, na nataka iwasumbue na ninyi. Familia haikuulizwa. Isingeweza kuulizwa, maana kuiuliza ni kuiweka hatarini palepale. Wanaoitetea filamu wanasema wale watatu walifuata maelekezo ya serikali neno kwa neno, kwa hiyo hawana kosa la kuadhibiwa. Ni hoja nzuri, lakini ni hoja ya mtu anayedhani serikali za aina ile hupima makosa kwa haki. Binti alilia mbele ya kamera ya mgeni, na dunia nzima imemwona akilia. Hakuchagua. Mansky alirudi na filamu muhimu kuliko karibu zote zilizowahi kutoka katika nchi ile, na aliirudisha kwa kumkopa mtoto bila idhini yake. Nimejaribu mara nyingi kuamua kama ningefanya vivyo hivyo. Jibu langu leo ni kwamba ningepiga picha zile, lakini nisingewaonyesha watu sura ya mtoto anayelia. Ningeacha sauti, na mikono ya msindikizaji. Filamu ingepungua nguvu, nakubali kabisa.

Linganisheni na Pavel Talankin. Huyu alikuwa mpiga picha wa shule huko Karabash, mji mdogo wa kuyeyushia shaba katika milima ya Ural, Urusi. Baada ya uvamizi wa Ukraine mwaka 2022, shule ziliagizwa kufundisha masomo ya uzalendo na kutuma video kama ushahidi kwamba yamefundishwa. Kurekodi ilikuwa kazi yake halali. Hakuficha kamera. Alifanya kile alichoajiriwa kufanya, ila kila alichokirekodi alikuwa pia akikitunza kwa ajili ya filamu aliyoitengeneza na David Borenstein aliyekuwa nje ya nchi: walimu wakijikwaa kwenye matamshi ya hotuba walizoandikiwa, watoto wakijifunza gwaride, mamluki wa Wagner, jeshi la kukodiwa la Urusi, wakiletwa shuleni. Mwaka 2024 aliondoka nchini, na mwanzoni mwa 2025 filamu yao, Mr. Nobody Against Putin, ikapata tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la Sundance.

Tofauti yake na Mansky ni kwamba Talankin hakuwa mgeni. Walimu wale ni wenzake, watoto wale anawajua majina na mama zao, na mji ule ndio alikozaliwa. Macho ya namna hiyo hayapatikani kwa pesa. Lakini ukaribu huo unazidisha deni. Mwalimu aliyemwachia aingie na kamera darasani alimwamini mwenzake, hakuamini tamasha la filamu. Nilipoitazama nilijikuta nikiwaangalia zaidi walimu wale waliosoma karatasi kwa aibu, macho chini. Filamu haiwadhihaki, na hilo nalihesabu kama kazi nzuri ya uhariri.

Kabla ya siku hizi za kadi ndogo, mtu alibeba uzito wa kweli. Miguel Littín, mwanafilamu wa Chile, alikuwa miongoni mwa watu 5,000 waliopigwa marufuku kurudi nyumbani wakati wa utawala wa kijeshi wa Jenerali Pinochet. Mwaka 1985 akarudi akiwa amejigeuza mfanyabiashara kutoka Uruguay: ndevu zimenyolewa, nyusi zimepunguzwa, mwili umepunguzwa, lafudhi imebadilishwa. Aliambiwa jambo la hatari kuliko yote ni kicheko chake, kwa sababu akicheka tu wanaomfahamu watamtambua. Makundi matatu ya Wazungu yaliingia nchini kwa vibali halali, kila moja likiwa na kisingizio chake: Waitalia eti wanafuatilia wahamiaji wa Kiitalia, Wafaransa mazingira, Waholanzi tetemeko la ardhi lililotokea mwaka huohuo. Waitalia waliingia na kamera hadi ndani ya ikulu ya La Moneda. Gabriel García Márquez, mwandishi mashuhuri wa Kolombia, aliandika kitabu kuhusu safari ile, na serikali ya Chile ilichoma nakala 15,000 za kitabu hicho huko Valparaíso. Ni kisa cha kusisimua, na vijana hukipenda kwa sababu kina vinyago na majina bandia. Mimi ninachokiheshimu zaidi ndani yake ni vikundi vya vijana wa Chile waliopiga picha mahali ambapo wageni wasingefika. Littín alikuwa na ndege ya kuondokea. Wao hawakuwa nayo.

Na hapo niseme neno kuhusu Iran, kwa sababu kisa chake kimekuwa kama hadithi ya kupendezesha watu. Jafar Panahi, mwanafilamu wa huko, mwishoni mwa 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka sita na kukatazwa kutengeneza filamu kwa miaka 20. Rufaa ikiwa bado inasikilizwa, alirekodi siku yake ndani ya nyumba yake Tehran, sehemu nyingine kwa simu, na filamu ikafika tamasha la Cannes, Ufaransa, 2011 ikiwa kwenye flashi. Iliripotiwa kwamba flashi ilifichwa ndani ya keki, na keki hiyo inakumbukwa na kila mtu. Aliyeishika kamera sehemu kubwa ya filamu ile, Mojtaba Mirtahmasb, anakumbukwa na wachache. Septemba mwaka huohuo alikamatwa pamoja na wanafilamu wengine kwa tuhuma za kushirikiana na BBC ya Kiajemi, akakaa ndani miezi kadhaa. Jina kubwa lina ngao yake, hata kama ngao hiyo haitoshi. Anayesimama pembeni ya jina kubwa hana ngao.

Niende Burma, au Myanmar. Shirika la Democratic Voice of Burma, lililokuwa na makao Oslo, lilijenga mtandao wa wapiga picha wa siri ndani ya nchi. Wengi wao walikuwa vijana wenye kamera ndogo za mkononi. Picha zilivushwa, zikafika Norway, kisha zikarushwa kwa setilaiti kurudi Burma kwenyewe. Mwaka 2007 watawa wa Kibudha walipotoka barabarani kwa maelfu kuandamana, picha nyingi ambazo dunia iliziona zilipita kwenye mikono ya wapiga picha hao. Tarehe 27 Septemba mwaka huo mpiga picha wa Japani, Kenji Nagai, alipigwa risasi Yangon akiwa chini ameishika kamera yake juu. Serikali ilisema ni risasi iliyopotea njia. Picha ya kijana mmoja aliyekuwa amejificha mbali kidogo ilionyesha askari akimfyatulia kwa karibu. Kamera ya Nagai yenyewe haikurudi kwa familia yake mpaka mwaka 2023.

Hayo yalitokana na siku kubwa za maandamano. Lakini wapiga picha wale waliendelea kazi baada ya dunia kugeuza macho, wakirekodi shule, mashamba, bei, hospitali. Ndipo walipokamatwa wengi. Hla Hla Win, mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu, alikamatwa Septemba 2009 akitoka kuwahoji watawa huko Pakokku. Kwanza alipewa miaka saba kwa ajili ya pikipiki isiyosajiliwa. Polisi walipopata alichokirekodi, ikaongezwa miaka 20 kwa sheria ya vifaa vya elektroniki. Aliyefuatana naye kwenye pikipiki naye alifungwa miaka mingi. Wakaachiwa Januari 2012, nchi ilipolegezwa kidogo. Tangu mapinduzi ya Februari 2021 imekazwa tena, na filamu iliyopata tuzo ya filamu za makala katika tamasha la Berlin mwaka 2022, Myanmar Diaries, haina jina la hata mmoja wa wanafilamu wa Myanmar walioiongoza.

Kisa ninachotaka mkae nacho ni cha Dhondup Wangchen wa Tibet, eneo lililo chini ya China. Alikuwa mtoto wa wakulima, hakusomea filamu popote. Kuanzia Oktoba 2007 hadi Machi 2008, yeye na mtawa Golog Jigme walizunguka wakiwauliza Watibeti wa kawaida maswali yasiyoulizwa kwa sauti: mnaionaje michezo ya Olimpiki ya Beijing, mnamfikiriaje Dalai Lama, kiongozi wenu wa dini aliye uhamishoni, maisha yenu yanaendaje. Waliwahoji watu 108. Kabla ya kuanza, Wangchen aliwahamishia India mke wake, watoto na wazazi. Kanda zilipofika salama Uswisi, wao wawili walikuwa bado ndani ya China, na kabla Machi haijaisha wote wawili walikuwa wamekamatwa. Filamu ya dakika 25, Leaving Fear Behind, ilionyeshwa kwa siri kwa waandishi wa kigeni Beijing penyewe wakati wa Olimpiki. Golog Jigme aliteswa, baadaye akatoroka. Wangchen alihukumiwa miaka sita Desemba 2009, akatoka Juni 2014, na mwisho wa 2017 akafika Marekani.

Mnaona alivyopanga? Aliwatoa kwanza watu ambao wangeshikwa kwa niaba yake. Akabaki yeye. Waliohojiwa aliwaeleza filamu ni ya nini, na wengi wao wakakubali sura zao zionekane, wakijua. Bado ni mzigo mzito, watu wale wote, na siwezi kusema hapa kwamba hakuna aliyeumia. Lakini kuna tofauti ya mbingu na ardhi kati ya mkulima aliyeambiwa sura yako itaonekana, serikali itakuona, akajibu onyesha, na mtoto aliyeambiwa acheke. Mkulima yule amefanya tendo la siasa kwa hiari yake. Tukimficha sura kwa lazima tunamnyang'anya tendo lake. Kwa hiyo sisemi kwamba sura zote zifichwe. Nasema mwenye sura ndiye aamue, akiwa ameelezwa yote, tena bila ya kamera kuwa imeshawashwa.

Na kuficha sura kwenyewe kumekuwa kazi ngumu kuliko zamani. Vijana wananiletea kazi zao wakiwa wameweka ukungu usoni mwa mtu wakadhani wamemaliza. Naangalia nyuma yake naona kalenda ya kampuni anayofanyia kazi. Naona kovu mkononi. Naona kwenye kioo cha kabati mtu mwingine aliyekaa pembeni, sura wazi kabisa. Nasikia namna anavyokohoa katikati ya sentensi, jambo ambalo mama yake angelitambua, na shushushu wa mtaa pia. Mwendo wa mtu unamtambulisha hata kwa mgongo. Dirisha linaonyesha jengo la mbele, na jengo linatoa ghorofa na chumba. Faili lenyewe la picha hubeba saa, aina ya simu, na wakati mwingine mahali ilipopigwa, hata kama kwenye skrini hayaonekani. Sauti iliyoshushwa kwa programu rahisi inaweza kupandishwa tena na mtu mwenye programu hiyohiyo. Afadhali maneno yasemwe na mwigizaji, na mtazamaji aambiwe hivyo.

David France, mwanafilamu wa Marekani, alikabili tatizo hili katika Welcome to Chechnya ya mwaka 2020, iliyowafuata watu waliokuwa wakiwindwa Chechnya, jamhuri iliyo ndani ya Urusi, kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Ukungu ungewageuza kuwa vivuli, na mtazamaji hawezi kumwonea uchungu mtu asiye na macho. Akatafuta watu wa kujitolea mjini New York wakakopesha nyuso zao, na kompyuta ikazivisha juu ya nyuso za wahusika 23, ili hofu, uchovu na tabasamu zibaki ni vyao lakini sura iwe ya mwingine. Mmoja wao, Maxim Lapunov, alipoamua kujitokeza hadharani kudai haki, sura ya kuazima inayeyuka mbele ya macho yetu na tunamwona mwenyewe. Alichagua saa yake. Teknolojia hiyo inatumika sana kudanganya watu, na inanitia moyo kuiona ikitumika kumlinda mtu.

Najua kuna hoja inayosubiri kunyooshewa mkono, kwamba nikiweka masharti haya yote filamu hazitatengenezwa, na dikteta atafurahi. Hoja hiyo naiheshimu. Eritrea imekaa bila gazeti binafsi tangu Septemba 2001, na picha zilizopigwa kwa siri ndani ya magereza yake, zilizorushwa na televisheni ya Marekani mwaka 2021, zilionyesha vyumba vilivyojaa watu ambavyo serikali ile isingekubali vionekane kamwe. Zilistahili kupigwa. Aliyezipiga aliamua mwenyewe kuihatarisha roho yake, na wahariri wakakaa muda mrefu wakiziangalia nani anaonekana na nani aondolewe. Muda huo ndio ninaoudai. Tamasha lina tarehe, mfadhili ana tarehe, na mtu aliye ndani ya picha hana tarehe yoyote isipokuwa ya siku watakapomgongea mlango.

Kwa hiyo wafadhili mliomo humu nawaomba jambo linalowezekana kabisa. Katika bajeti ya filamu mna fungu la sauti, la rangi, la muziki, la matangazo. Wekeni na fungu la waliobaki: nauli ya kuhama, wakili, mwaka mmoja wa pango kwa familia itakayolazimika kuondoka usiku. Fungu hilo msiliite hisani, wala msisubiri tatizo litokee, kwa maana likitokea hakuna benki itakayofikisha pesa hizo kwa wakati.

Nanyi mnaoandaa matamasha, msimlazimishe mwanafilamu kupanda jukwaani kusimulia jinsi alivyovusha kadi. Njia ikishasimuliwa imefungwa, na nyuma yake kuna mwingine alikuwa anaitegemea wiki hiyohiyo. Ndiyo sababu nami leo mbinu za sasa sikuzitaja, na wale mliokuja kwa ajili yake mnivumilie.

Vijana wangu, siku mtakapoingia nyumbani kwa mtu wa namna hii, mwelezeni kabla ya kufungua begi. Mwambieni filamu itaonekana hadi wapi, pamoja na nchini kwake, maana siku hizi kila filamu hurudi nyumbani kupitia simu za watu. Mpatieni njia salama ya kuwafikia mkishaondoka. Kabla ya kuitoa filamu mtafuteni tena, mumwonyeshe au mumsimulie kipande chake. Akisema amebadili nia, mkitoe. Akisema hivyo usiku wa kuamkia uzinduzi, na kipande hicho ndicho kilichoibeba filamu nzima, mkitoe vilevile, na ukumbi usubiri.

Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi hii. Niko tayari kwa maswali.